Kipande cha Mti Ndani ya Kiti: Namna ya Kutambua Umri wa Viti vya Kale vya Kuwambwa

Methali yasema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Watu huitumia methali hiyo kumwonya mwenzao asivutwe na sura ya nje. Lakini katika habari ya viti vya kale vya Ulaya, mambo yamegeuka. Kitambaa kizuri cha nje pengine kilinunuliwa dukani juzi, bali kipande cha mti kilichofichwa ndani ndicho chenye thamani, tena ndicho kisemacho kweli. Somo hili lahusu namna ya kukisikiliza kipande hicho cha mti.

Viti vinavyosemwa hapa ni viti vya kuwambwa, yaani vile ambavyo kiunzi chake cha mbao hutiwa mikanda, kikajazwa singa za farasi, nyasi au manyoya ya ndege, kisha kikavikwa kitambaa au ngozi na kupigiliwa misumari. Wazungu waliokuja kukaa Kenya tangu mwanzo wa karne ya 20 walileta vyombo vya nyumbani kwa meli, na baadhi yao walikuja na viti walivyorithi kwa wazazi wao. Viti vya namna hiyo huuzwa mnadani pamoja na vitu vingine, hupita mkono kwa mkono, na mwisho wake hufika katika karakana ya fundi ili vivikwe kitambaa kipya. Hapo ndipo penye hatari. Fundi asiyejua, akiisha kung'oa kila kitu na kukitupa motoni, amechoma ushahidi wa miaka mingi, na mwenye kiti hana tena la kumwonyesha mnunuzi. Vile vile mnunuzi asiyejua hulipa bei ya kitu cha kale kwa kiti kilichotoka kiwandani jana. Kwa forodha za nchi nyingi, chombo huhesabiwa kuwa cha kale kikipita umri wa miaka 100. Kwa hiyo tofauti ya umri si maneno matupu, ni fedha.

Kanuni ya kwanza ya somo hili ni hii: mtindo wa kiti huonyesha mwaka ambao kiti hakiwezi kuwa kilitengenezwa kabla yake, hauonyeshi mwaka kilipotengenezwa. Mtindo waweza kuigwa wakati wo wote. Basi mtu ajifunze kwanza mitindo, kisha ajifunze kutoiamini peke yake.

MITINDO YA UINGEREZA KWA ZAMU ZAKE

Hata mwisho wa karne ya 16, watu wengi wa Uingereza walikalia mabenchi na vigoda vya mbao ngumu ya mwaloni, na aliyetaka starehe aliweka mto juu ya ubao. Viti vya kuwambwa vilikuwa vya wafalme na matajiri. Mwanzoni mwa karne ya 17 vilianza kuenea viti visivyo na mikono, vyenye kikalio kipana na mgongo mfupi uliowambwa. Vilivikwa ngozi, mahameli, au kitambaa cha sufu kilichofumwa kwa mafundo kwa kuyaiga mazulia ya Waturuki. Miguu yake ilinyooka, na iliungwa kwa vijiti karibu na sakafu. Katika jumba la Knole, huko Kent, vimehifadhiwa viti vya karne hiyo vilivyotoka katika majumba ya wafalme, na baadhi yake vingali na vitambaa vyake vya kwanza. Kwa sababu hiyo wataalamu huvitumia kuwa kipimo cha vingine.

Mwaka 1660 Mfalme Charles wa Pili alirudi kutoka uhamishoni, na pamoja naye zikaja tabia za Ulaya bara. Mbao ya mti wa walnati, yenye rangi ya kahawia na mistari mizuri, ikachukua nafasi ya mwaloni. Migongo ya viti ikawa mirefu, na miguu ikakerezwa ikapindana kama kamba. Karibu na mwisho wa karne hiyo kilitokea kiti kikubwa cha mabawa, yaani kiti chenye mbao mbili zilizowambwa kando ya kichwa ili kumkinga mwenye kukaa na upepo wa baridi upitao milangoni. Umbo la kiti hicho halijaachwa hata leo, na kwa hiyo ni umbo lidanganyalo watu wengi.

Wakati wa Malkia Anne, aliyetawala tangu 1702 mpaka 1714, mguu ulipindika. Hutokeza nje kwenye goti, ukarudi ndani kwenye kifundo, kisha ukaishia kwa wayo wa mviringo, mfano wa mguu wa nyuma wa mnyama. Mwanzoni miguu hiyo iliungwa kwa vijiti kama ya zamani; baadaye mafundi walipoviamini viungo vyao, vijiti vikaachwa.

Kisha mbao ikabadilika tena. Baridi kali ya mwaka 1709 iliua minati mingi ya walnati katika Ulaya, na mwaka 1721 Bunge la Uingereza liliondoa ushuru wa mbao zilizotoka katika makoloni yake ya Marekani na visiwa vya huko. Mahogani ikaanza kuingia kwa wingi, na tangu karibu 1730 ikawa ndiyo mbao ya viti bora. Basi mtu akionyeshwa kiti cha Kiingereza cha mahogani na kuambiwa ni cha mwaka 1690, na atie shaka mara moja. Katika miaka hiyo wayo wa mguu ulichongwa mara nyingi kwa mfano wa ukucha wa ndege ulioshika tufe.

Mwaka 1754 Thomas Chippendale, fundi mzaliwa wa Otley aliyekuwa na karakana katika mtaa wa St Martin's Lane, London, alichapisha kitabu kikubwa cha michoro ya vyombo vya nyumba. Mafundi wengi walikinunua wakatengeneza viti kwa kuifuata michoro yake, hata Marekani. Kwa sababu hiyo neno "kiti cha Chippendale" kwa kawaida lina maana ya kiti cha mtindo wa kitabu kile, wala si kiti kilichotoka mkononi mwake. Viti vyake vya namna ya baadaye huwa na miguu ya mraba iliyonyooka. George Hepplewhite alikufa mwaka 1786, na miaka miwili baadaye mjane wake alitoa kitabu cha michoro yake. Katika mtindo huo miguu imenyooka na kuchongoka kuelekea chini, na mgongo mara nyingi huwa na umbo la ngao. Thomas Sheraton alifuata tangu 1791 kwa migongo ya mraba na miguu myembamba zaidi. Tangu mwanzo wa karne ya 19 watu waliiga viti vya Wayunani wa kale, na miguu ikapindwa kama upanga.

Katika utawala wa Malkia Victoria, 1837 mpaka 1901, starehe ilitangulia mambo yote. Springi za waya ziliingia ndani ya vikalio, ujazo ukawa mnene, kitambaa kikabanwa ndani kwa vifungo, na miguu mifupi iliyokerezwa ikatiwa vigurudumu vya shaba au vya kauri.

MITINDO YA UFARANSA KWA UFUPI

Viti vya Ufaransa huitwa kwa majina ya wafalme. Vya wakati wa Louis wa Kumi na Nne, aliyekufa 1715, ni vikubwa, vimenyooka, na migongo yake ni mirefu. Vya Louis wa Kumi na Tano, aliyetawala mpaka 1774, vimepindika kila mahali, wala hapana mstari ulionyooka. Tena nguzo za mikono zimerudishwa nyuma ya miguu ya mbele, ili mabibi waliovaa nguo pana waweze kukaa bila kubanwa. Vya Louis wa Kumi na Sita vina miguu iliyonyooka yenye mifereji, na palipo na kiungo cha mguu na kikalio pamechongwa ua ndani ya kipande cha mraba. Kiunzi kikiwa cha kupakwa rangi au dhahabu, mara nyingi kilifanywa kwa biichi, mti wa Ulaya wenye mbao nyeupe.

KWA NINI MTINDO HAUTOSHI

Kama kila mtindo ungalikufa na mfalme wake, kazi ingalikuwa rahisi. Lakini Waingereza wa wakati wa Victoria walitengeneza upya viti vya Louis wa Kumi na Tano. Kisha, tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19, viwanda vilitoa kwa maelfu viti vya mfano wa Chippendale na wa Hepplewhite. Na katika miaka ya 1920 vikatoa viti vya mfano wa Malkia Anne. Wengi waliovifanya hawakuwa wadanganyifu, maana waliviuza kuwa vipya. Lakini kiti kipya cha mwaka 1885 leo nacho ni kikuukuu. Rangi imefifia, miguu imechubuka, na karatasi ya duka imepotea. Hapo ndipo mtu huingia katika makosa bila kudanganywa na mtu. Dawa yake ni kukipindua kiti na kuwauliza mashahidi watano.

SHAHIDI WA KWANZA: MBAO NA UCHAKAVU

Mbao hunywea kwa miaka, nayo hunywea zaidi kwa upana wake kuliko kwa urefu. Mguu uliokerezwa ukawa mviringo kamili, baada ya miaka mingi huwa kama yai kidogo. Mtu aupime kwa kipimo, pande mbili. Kisha atazame uchakavu. Kiti huchakaa mahali kinapoguswa: ncha za mikono, kijiti cha mbele ambapo watu huweka viatu, na nyayo za miguu zilizoburuzwa sakafuni. Uchakavu uliolingana kila mahali, hata pasipofikiwa na mkono, huenda umefanywa kwa mnyororo au kwa jiwe.

Mbao za ndani zisizoonekana nazo zina habari. Mafundi wa kale hawakupoteza mahogani mahali penye kitambaa. Walitia biichi au mbao nyingine ya bei nafuu. Biichi hupendwa sana na dumuzi. Tundu la dumuzi linaloonekana juu ya mbao ni la mviringo, kwa maana ndipo alipotokea. Zikionekana njia ndefu zilizo wazi kama mifereji juu ya uso wa ubao, maana yake ubao ulikatwa au kuchongwa baada ya kuliwa. Yaani mbao ya kale imetumiwa kufanyia kitu kipya.

SHAHIDI WA PILI: MSUMENO NA VIUNGO

Chini ya kikalio fundi hakupiga randa sana, na alama za msumeno hubaki. Msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyooka isiyolingana. Msumeno wa mashine wa umbo la gurudumu huacha mistari ya kupinda kama sehemu ya duara, na alama hizo katika viti ni za karne ya 19 au baadaye. Viungo vya kale ni vya ulimi na tundu: ncha ya ubao mmoja huchongwa ulimi, ukaingia katika tundu la ubao wa pili. Viungo vya vijiti vya mviringo vilivyolingana vyote, vilivyotoka mashineni, ni dalili ya karne ya 19 kuja huku.

SHAHIDI WA TATU: MISUMARI NA MATUNDU YAKE

Huyu ni shahidi bora, maana watu wachache humkumbuka. Msumari mdogo wa kale ulifuliwa na mhunzi mmoja mmoja. Kichwa chake kina alama za nyundo, wala haulingani na mwenzake. Tangu mwisho wa karne ya 18 mashine zilianza kukata misumari kutoka katika bati la chuma, nayo hulingana zaidi. Misumari ya waya iliyo mviringo ilienea katika nusu ya pili ya karne ya 19. Pini za waya zipigwazo kwa bastola ya fundi ni za karne ya 20.

Parafujo nazo husema. Ya kale haina ncha kali, na mfereji wa kichwa chake mara nyingi haukupita katikati sawasawa, kwa kuwa ulikatwa kwa mkono. Parafujo zenye ncha kali zilianza kuenea katikati ya karne ya 19; zenye msalaba kichwani ni za tangu miaka ya 1930.

Lakini msumari waweza kung'olewa. Tundu lake halitoki. Kila mara kiti kilipovikwa kitambaa kipya, matundu mapya yaliongezeka katika mbao za kikalio. Kiti cha miaka 250 kilichotumika nyumbani hakikosi kuwa kimevikwa mara kadhaa, na mbao zake hujaa matundu kama chekeche. Ikiwa kiti chasemwa kuwa ni cha mwaka 1750, na mbao zake zina mstari mmoja tu wa matundu, basi ama mbao hizo zimebadilishwa, ama kiti chote ni kipya.

SHAHIDI WA NNE: MIKANDA NA UJAZO

Kabla ya kuja springi, mikanda iliyobeba ujazo ilipigiliwa upande wa juu wa mbao za kikalio, na juu yake vikawekwa kitambaa cha kitani na singa za farasi. Viti hivyo vilikuwa na vikalio vyembamba. Springi zilianza kutumika katika viti tangu miaka ya 1820, nazo zikaenea katika wakati wa Victoria. Kwa kuwa springi yahitaji nafasi ya kusimama, mikanda ilishushwa ikapigiliwa upande wa chini wa mbao. Jambo hili ni dogo kulitamka, lakini ndilo ufunguo wa somo zima. Springi zenyewe hazithibitishi kwamba kiti ni kipya, maana viti vingi vya kale viliongezwa springi baadaye. La kuulizwa ni hili: je, upande wa juu wa mbao una matundu ya kale ya mikanda? Kama yapo, kiti kilitengenezwa bila springi. Kama hayapo, na mbao ni zile zile za kwanza, kiti kilitengenezwa kwa ajili ya springi, wala hakiwezi kuwa cha karne ya 18.

Kitambaa cha gunia kilicho juu ya mikanda nacho chafaa kutazamwa. Gunia hufumwa kwa juti, na juti ilianza kusokotwa kwa mashine katika mji wa Dundee, Scotland, katika miaka ya 1830. Kabla ya hapo mafundi walitumia kitani. Makumbi ya nazi yalitumiwa kujazia viti vya bei nafuu katika karne ya 19. Mpira wa povu utokao katika utomvu wa mpira ulitokea Uingereza mwaka 1929, na povu la plastiki lilienea katika viti tangu miaka ya 1950.

SHAHIDI WA TANO: KITAMBAA

Kitambaa ni shahidi wa mwisho, kwa sababu hubadilishwa kuliko vyote. Hata hivyo asidharauliwe. Chini ya kitambaa cha leo pengine kuna kingine, na chini yake kingine tena. Kipande kidogo kilichobanwa chini ya msumari wa kale chaweza kuonyesha rangi ya kwanza ya kiti. Rangi za kale zilitoka katika mimea na wadudu. Mwaka 1856 kijana William Henry Perkin, akiwa London, aligundua rangi ya zambarau itokanayo na lami ya makaa ya mawe, na baada yake zikafuata rangi nyingine kali za namna hiyo. Uzi uliotiwa rangi hizo hauwezi kuwa wa kabla ya mwaka huo.

VITI VIWILI MBELE YA FUNDI

Ili somo lieleweke, tuseme mzee mmoja amemletea fundi viti viwili. Cha kwanza ni kiti cha mabawa chenye miguu iliyopindika kwa mtindo wa Malkia Anne, na kitambaa chake cha hariri kimefifia vizuri.

"Fundi, hiki kiangalie kama mboni ya jicho," asema mzee. "Niliambiwa ni cha mwaka 1710, nami nimekilipia hivyo."

Cha pili ni kiti kipana, kibaya wa sura, kilichovimba kwa springi na vifungo, na mahameli yake nyekundu imeliwa na nondo. "Na hiki, Mzee?" auliza fundi. "Hicho king'oe tu, ukipata cha kuokoa uokoe, kilichobaki kiwe kuni."

Fundi avipindua vyote viwili, awasha kurunzi. Katika kiti cha kwanza aona mikanda imepigiliwa chini. Upande wa juu wa mbao hauna tundu hata moja. Mbao zina mistari ya duara ya msumeno wa mashine. Viungo ni vya vijiti vilivyolingana. Matundu ya kitambaa ni ya mara moja tu, na juu ya mikanda pana gunia la juti. Mashahidi wote wanakubaliana: kiti hiki ni kizuri, ni imara, lakini hakikuwako wakati wa Malkia Anne. Kimefuata mtindo wake baada ya miaka mia na zaidi.

Katika kiti cha pili springi zimo, na mikanda ipo chini kama katika kile cha kwanza. Lakini fundi ainuapo ncha ya ujazo, aona upande wa juu wa mbao umejaa matundu ya mraba, safu juu ya safu, na msumari mmoja uliofuliwa na mhunzi umebaki umekatika ndani. Mbao za kikalio ni biichi iliyokatwa kwa msumeno wa mkono. Miguu ya mbele ni mahogani ya mraba, iliyonyooka, na pembeni mwa miguu pana alama ya matundu yaliyozibwa, mahali palipokuwa na vijiti vya kuunga. Kiti hiki kilitengenezwa katika nusu ya pili ya karne ya 18. Mtu wa wakati wa Victoria akakitia springi na kukivimbisha kwa kufuata mambo ya siku zake. Kumbe kuni ndiyo mali, na mali ndiyo kuni.

Fundi mwenye haraka angalimaliza kazi zote mbili kwa siku chache, na mzee asingalijua kamwe alichopoteza. Fundi mwenye kusoma mbao amemwita mwenye kiti, amemwonyesha tundu kwa tundu, na mzee mwenyewe ameamua.

MUHURI USIOAMINIKA

Wengine husema, "Nitatafuta jina la fundi lililopigwa muhuri." Katika Uingereza mafundi wengi wa kale hawakutia jina. Katika Paris, tangu katikati ya karne ya 18 mpaka chama cha mafundi kilipofutwa mwaka 1791, fundi mkuu alipaswa kupiga jina lake katika kazi yake, na majina kama la Georges Jacob huonekana chini ya mbao za kikalio. Lakini muhuri hupigwa kwa nyundo, na nyundo haina dini.

Mwaka 2016 Ufaransa ilipata aibu kubwa. Iligunduliwa kwamba jumba la Versailles, lililokuwa makao ya wafalme, lilikuwa limenunua viti vya bandia vilivyosemwa kuwa ni vya karne ya 18. Waliovifanya walikuwa bingwa mashuhuri wa viti vya karne hiyo hiyo pamoja na mchonga mbao hodari. Walitumia viunzi vilivyonunuliwa kwa bei ndogo minadani, wakazizeesha mbao, wakatia dhahabu na kitambaa, na kuongeza mihuri ya mafundi wakuu wa kale. Walikiri makosa yao, na mwaka 2025 mahakama ya Pontoise iliwatia hatiani.

Habari hiyo ina mafundisho mawili. La kwanza, muhuri ni neno la shahidi mmoja, na shahidi mmoja hatoshi hata akiwa na jina kubwa. La pili, kiti kiulizwe pia habari za safari yake: kilitoka nyumba gani, kiliuzwa lini, na ipo stakabadhi gani au orodha gani ya mali inayokitaja. Mbao, misumari na karatasi vikipatana, ndipo neno la muuzaji lisadikiwe.

YAMPASAYO FUNDI NA MWENYE KITI

Kabla ya kung'oa msumari wa kwanza, kiti kipigwe picha pande zote na chini. Kitambaa kiondolewe tabaka moja moja, na kwa kila tabaka kipande kidogo kihifadhiwe ndani ya bahasha pamoja na misumari yake. Fundi afunge pua na mdomo, maana vumbi la ujazo mkuukuu lina ukungu na uchafu wa miaka mingi. Upande wa ndani wa mbao usipigwe randa, usisuguliwe kwa msasa, wala usipakwe vanishi. Humo ndimo yalimo maandishi ya kiti. Ubao ulioliwa na dumuzi uimarishwe kama yamkini. Ukilazimika kubadilishwa, ule wa zamani apewe mwenye kiti asiutupe.

Mnunuzi naye na aje na kurunzi, kipimo na subira. Aombe ruhusa kukipindua kiti. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Na akikataa, mnunuzi amekwisha kupata jibu bila kutoa senti.

Mwisho, kazi ikiisha, fundi na aandike kwa penseli chini ya ubao wa kikalio jina lake, mwaka, na mambo aliyoyabadilisha. Mafundi wa kale hawakufanya hivyo mara nyingi, na kwa ajili ya kunyamaza kwao watu leo huhesabu matundu. Kiti hicho kitapinduliwa tena siku moja, na fundi mwingine, ambaye pengine bado hajazaliwa, atawasha taa yake akayakuta maneno ya kweli.